KOSA, KASORO NA KUTELEZA: MAONI KUHUSU TAFSIRI YA MSAMIATI WA KIINGEREZA WA MAKOSA

1.0 Utangulizi

Katika semina za wanafunzi wa uzamili wanaotafiti ufundishaji wa lugha, kuna swali moja ambalo sasa limekuwa kama ada ya kuingilia ukumbini: maneno ya Kiingereza "error" na "mistake" tuyaiteje kwa Kiswahili? Mmoja hupendekeza "kosa" na "kasoro". Wa pili hupendekeza "kosa" na "dosari". Wa tatu huja na "upotofu" au "mkengeuko". Mjadala ukishika moto, saa nzima huweza kupita kabla ya mtu yeyote kutaja sentensi hata moja iliyoandikwa na mwanafunzi yeyote wa shule. Tumewahi pia kushuhudia mtahini akimwagiza mtahiniwa abadilishe jozi ya istilahi zake kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtahiniwa alitii. Tasnifu iliporudi, jedwali zake zote zilikuwa zilezile, asilimia zilezile na hitimisho lilelile.

Tukio hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Ikiwa istilahi ya msingi inaweza kubadilishwa katika tasnifu nzima bila uchanganuzi kutikisika, basi istilahi hiyo haikuwa ikifanya kazi yoyote. Ilikuwa pambo tu.

Tunachodai hapa ni hiki: swali la semina limeulizwa vibaya. Tofauti kati ya "error" na "mistake", kama inavyofundishwa katika isimu-tumizi, haimo ndani ya maneno hayo ya Kiingereza. Iliwekwa humo na wataalamu kwa haja ya taaluma yao, na wataalamu wa taaluma nyingine wameyatumia maneno hayohayo kwa namna inayokaribia kuwa kinyume. Kwa hiyo, anayetafuta maneno mawili ya Kiswahili yanayolingana na hayo mawili ya Kiingereza anatafuta kitu ambacho hata Waingereza wenyewe hawana. Tutaanza na matumizi ya kawaida ya Kiingereza, tuonyeshe istilahi zinavyogongana, kisha tutazame hazina ya Kiswahili chenyewe, na mwisho tutoe pendekezo.

2.0 Maneno ya Kiingereza katika matumizi ya kawaida

Kiingereza kina maneno mengi ya uwanja huu. Tutayachukua sita: "mistake", "error", "fault", "blunder", "slip" na "lapse". Asili zake zinatofautiana. "Mistake" lina asili ya Kiskandinavia na maana yake ya awali ni kuchukua visivyo. "Error" latokana na Kilatini, na shina lake lina maana ya kutangatanga, kuiacha njia. "Lapse" pia ni la Kilatini, nalo lina dhana ya kuteleza na kuanguka. "Fault" lilipitia Kifaransa likiwa na dhana ya upungufu. "Blunder" huhusishwa na maneno ya Kiskandinavia yenye maana ya kufumba macho au kusinzia. Asili hizi hazitoshi kutuambia maneno yanatumikaje leo, lakini zinatuonyesha kwamba kila neno lilianza na taswira yake: mmoja alichukua kisicho chake, mwingine aliiacha njia, mwingine aliteleza, mwingine alikwenda amefumba macho.

Katika matumizi ya leo, tofauti za maneno haya zinaweza kupimwa kwa maswali matatu. La kwanza: kuna kipimo gani ambacho jambo limekiacha? La pili: mtendaji alijua au hakujua? La tatu: lawama ni ya nani?

"Error" huelekea kujibu swali la kwanza. Ni neno linalopenda kuwapo kwa kipimo: jibu sahihi la hesabu, maandishi asilia ya mswada, thamani halisi ya kitu kinachopimwa. Ndiyo maana wanatakwimu na wanafizikia hulitumia bila kumlaumu mtu yeyote. Kipimo kinapopishana kidogo na thamani halisi, huko kupishana kunaitwa "error" hata kama mpimaji alikuwa makini kupita wote. "Mistake" humhitaji mtu. Aliyeondoka na mwavuli wa mwenziwe akidhani ni wake amefanya "mistake". Mizani haiwezi kufanya "mistake", ingawa inaweza kuwa na "error". "Fault" lina njia mbili: ama ni upungufu uliomo ndani ya kitu, kama vile waya uliokatika ndani ya mashine, ama ni jibu la swali la tatu, yaani lawama. Mzazi akiuliza nani aliyevunja sahani, anachotafuta ni "fault", hatafuti "error". "Blunder" huongeza uzito na aibu: ni jambo kubwa lililofanywa kwa uzembe au upumbavu, na hata asiyekuwa mtaalamu aliliona. "Slip" hupunguza uzito: ni jambo dogo, la kupita. "Lapse" huelekea kwenye kumbukumbu, umakini au mwenendo uliolegea kwa muda.

Hata hivyo, mipaka hii si kuta. Neno lililoendelezwa vibaya Mwingereza wa kawaida ataliita "error" au "mistake", na hatahisi kwamba amesema mambo mawili tofauti. Tofauti iliyopo hapo ni ya rejista zaidi kuliko ya maana: "error" lina harufu ya ofisi na maabara, na "mistake" lina harufu ya nyumbani. Mwanafunzi wetu akilifahamu hili mapema, atakuwa ameokoa nusu ya sura yake ya pili.

3.0 Istilahi zinapogongana

Tofauti inayofundishwa katika idara zetu ni ya S. P. Corder, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu umuhimu wa makosa ya wanaojifunza lugha. Corder alisimama juu ya tofauti aliyoiweka Chomsky kati ya umilisi na utendaji. Alipendekeza kwamba neno "mistake" litumike kwa yale yanayotokana na utendaji: uchovu, msisimko, kusahau kwa muda. Mtu huyajua na, akizinduliwa, huyasahihisha mwenyewe papo hapo. Neno "error" alilitengea yale yanayojirudia kwa utaratibu, ambayo hufichua hali ya umilisi wa mwanafunzi kwa wakati huo. Kwa Corder, aina hii ya pili ndiyo yenye thamani, kwa sababu inamwonyesha mwalimu njia ambayo mwanafunzi anaipita. Si ushahidi wa uzembe. Ni ushahidi kwamba akili ya mwanafunzi inajenga kanuni.

Sasa tutoke katika isimu, tuingie katika saikolojia. Mwaka 1990 James Reason alichapisha kitabu chake kuhusu makosa ya binadamu, ambacho kimekuwa nguzo ya masomo ya usalama katika usafiri wa anga, vinu vya nyuklia na, baadaye, hospitali. Reason naye aliyahitaji maneno ya kutenganisha makosa, naye aliyachukua katika Kiingereza kilekile. Kwake, "error" ni jina la jumla. Chini yake kuna "slip" na "lapse", ambazo ni hitilafu za utekelezaji: mpango ulikuwa sahihi lakini mkono au kumbukumbu haikuufuata. Kisha kuna "mistake", ambayo ni hitilafu ya mpango wenyewe: mtu alifanya kama alivyokusudia, ila alichokusudia hakikuwa sahihi, ama kwa sababu alitumia kanuni isiyofaa ama kwa sababu hakuwa na ujuzi wa kutosha.

Tuweke mfano mmoja mbele ya wote wawili. Muuguzi anakijua vema kipimo cha dawa, lakini usiku wa manane, akiwa amechoka, mkono wake unachukua chupa ya jirani. Muuguzi mwingine anachukua chupa anayoitaka, ila anaamini kwamba kipimo cha mtu mzima ndicho kinachomfaa mtoto. Kwa Reason, wa kwanza amefanya "slip" na wa pili amefanya "mistake". Mantiki ya Corder, ikihamishiwa wodini, ingemwita wa kwanza mwenye "mistake" na wa pili mwenye "error". Neno "mistake" limeruka ng'ambo. Kwa mmoja lina maana ya ujuzi uliopo lakini haukutumika. Kwa mwingine lina maana ya ujuzi usiokuwapo au uliotumiwa visivyo.

Hatusemi kwamba mmojawapo amepotoka. Kila mmoja alifafanua istilahi yake waziwazi kisha akaitumia kwa uaminifu, na hiyo ndiyo haki ya mtaalamu. Tunachosema ni kwamba mfasiri atakayeamua leo kuwa "mistake" kwa Kiswahili ni "kasoro", akaliweka katika orodha ya istilahi bila kutaja taaluma, kesho atakuta amewafundisha wauguzi kinyume cha alichowafundisha walimu.

Sheria nayo inaongeza ushahidi. Katika matini ya Kiingereza ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania ya mwaka 1966 kuna kifungu kinachoiruhusu mahakama kurekebisha hukumu yake wakati wowote pale penye makosa ya kiuandishi au ya kihesabu, au yaliyotokana na kuteleza au kuacha jambo kwa bahati mbaya. Kifungu hicho kimoja kinatumia "mistake", "error", "slip" na "omission". Humo "mistake" na "error" hazikuwekwa ili kutenganisha umilisi na utendaji. Zimewekwa pamoja ili zikamate kila kitu, kwa desturi ya waandishi wa sheria ya kutandaza wavu mpana. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuyafasiri maandishi ya namna hii ni kubwa. Mfasiri atakayekwenda kwenye kifungu hicho na jozi ya Corder mkononi ataingiza katika sheria tofauti ambayo watunga sheria hawakuikusudia, na wakili mwerevu hatakosa kuitumia.

4.0 Hazina ya Kiswahili

Mara nyingi husikika malalamiko kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu kwa kuwa kila kitu ni "kosa": la mwanafunzi kosa, la mwizi kosa, la mume aliyesahau kununua sukari kosa. Ni kweli kwamba "kosa" lina upana mkubwa. Mahakamani kuna kosa la jinai, uwanjani mwamuzi hupuliza filimbi kwa kosa, na darasani kuna kosa la sarufi. Lakini upana wa neno si umaskini wa lugha. Tutazame kwa makini zaidi.

Kwanza, majina mengine ya uwanja huu si visawe vya "kosa", na kuna jaribio rahisi la kuthibitisha hilo. Tunasema mtu "amefanya kosa". Hatusemi "amefanya kasoro", wala "amefanya dosari", wala "amefanya hitilafu". Tunasema kazi "ina kasoro", kitambaa "kina dosari", mtambo "umepata hitilafu". Kosa ni tendo. Kasoro, dosari na hitilafu ni hali za kitu. Kasoro ni upungufu unaohesabika kutoka katika ukamilifu, na ndiyo maana neno hilohilo hutumika katika saa na fedha: saa mbili kasorobo, shilingi mia kasoro kumi. Dosari ni doa juu ya kitu ambacho vinginevyo ni kizuri. Hitilafu ina dhana ya kutofautiana, ya kitu kutokwenda kama kilivyotarajiwa, na kwa hiyo inafaa sana kwa mitambo na kwa vipimo. Hatia ni kosa likishakuwa mzigo juu ya mtu, na dhambi ni kosa mbele ya Mungu. Kwa hiyo wale wanaopendekeza jozi ya "kosa" na "kasoro" kwa ajili ya "error" na "mistake" wanachukua tofauti kati ya tendo na hali, wanaivisha tofauti kati ya umilisi na utendaji. Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Insha moja huweza kuwa na kasoro kumi zilizotokana na makosa ya aina zote mbili.

Pili, na hili ndilo tunaloliona kuwa kubwa zaidi, Kiswahili huweka uzito wa tofauti hizi katika vitenzi kuliko katika majina. Tazama kitenzi "kukosa" chenyewe. "Nilimkosa" yaweza kuwa na maana kwamba sikumkuta nyumbani, au kwamba jiwe nililotupa halikumpata. "Nilimkosea" maana yake nilimtendea isivyostahili, na sasa nina deni la kumwomba radhi. "Nilikosea njia" maana yake nilishika njia isiyo yake bila mtu yeyote kudhulumiwa. Kiambishi kimoja cha kutendea, pamoja na kuwapo au kutokuwapo kwa mtendewa, kimetupatia tofauti ambazo Kiingereza huzitafutia maneno mbalimbali.

Kisha kuna vitenzi vingine. Aliyeteleza alikuwa akitembea sawasawa. Ardhi ndiyo iliyomponyoka. Wahenga walipotuambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walikuwa wakizungumzia jambo hilohilo la kinywa kusema ambacho moyo haukukusudia. Aliyeghafilika alikuwa na jambo akilini, likamtoka. Aliyeboronga ameharibu kazi kwa namna inayoonekana na wote. Na kuna "kupitiwa", kitenzi ambacho tunakipenda kuliko vyote. Mtu anaposema "nilipitiwa", anajiweka mahali pa mtendewa: kuna kitu kilichompita, usingizi au usahaulifu, nacho ndicho kilichotenda. Hakatai kwamba jambo limeharibika, ila anaeleza kwamba ujuzi wake ulikuwa mzima na nia yake ilikuwa njema. Kwa kauli moja ya kutendwa, mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili anaeleza mengi ya yale ambayo Corder alihitaji aya kadhaa kuyafafanua.

Kwa hiyo tofauti tunayoitafuta ipo. Haikuonekana kwa sababu tuliitafuta katika orodha ya majina, kwa kuwa Kiingereza kilituletea majina.

5.0 Pendekezo na pingamizi

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, "kosa" libaki kuwa jina la jumla, na aina zake zitajwe kwa virai vinavyoeleza dhana badala ya maneno yanayoficha dhana. Katika uchanganuzi makosa tuseme "kosa la umilisi" na "kosa la utendaji". Katika masomo ya usalama tuseme "kosa la mpango" na "kosa la utekelezaji", na hili la pili ligawanywe katika "kuteleza" na "kusahau". Katika sheria, mfasiri afuate kusudi la kifungu, asifuate idadi ya maneno. La pili, "kasoro", "dosari" na "hitilafu" ziachiwe kazi zake za asili za kueleza hali ya kitu. La tatu, kila mtafiti aonyeshe kigezo chake kabla ya kuonyesha istilahi yake.

Kuna watakaopinga kwamba virai ni virefu na kwamba istilahi nzuri ni neno moja. Ufupi ni sifa njema, lakini si sifa ya kwanza. Sifa ya kwanza ni kwamba msomaji asiyekuwa na matini ya Kiingereza mbele yake aelewe. Anayesoma "kosa la utendaji" ana pa kuanzia. Anayesoma "kasoro" na kuambiwa kwamba hapa ina maana tofauti na ile aijuayo tangu utotoni, amewekewa kikwazo njiani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nasi tunalikubali: kigezo chenyewe ni kigumu kukitumia. Tuseme mwanafunzi ameandika "tulikwenda kura chakula". Je, ni kosa la umilisi au la utendaji? Ikiwa lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r, na ikiwa katika insha nzima ameandika "kurara" na "kurima", basi kuna utaratibu, na yaelekea ni kosa la umilisi. Ikiwa mahali pengine pote ameandika "kula", "kulala" na "kulima", yaelekea aliteleza. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Ni lazima kumrudia mwanafunzi, kumpa kazi yake, na kumwomba asahihishe bila kuonyeshwa mahali. Tasnifu nyingi tulizozisoma hazikufanya hivyo. Zilihesabu alama nyekundu tu, zikazigawa katika mafungu kwa kukisia, kisha zikatumia kurasa nyingi kutetea majina ya mafungu.

Na kuna fungu la tatu ambalo jozi ya Corder hailishiki vizuri. Mwanafunzi akiandika "gari yangu imeharibika" badala ya "gari langu limeharibika", mara nyingi si umilisi pungufu wala si kuteleza. Ndivyo asemavyo mama yake, jirani yake na kondakta wa basi analopanda kila asubuhi. Ana mfumo kamili. Ila si mfumo wa Kiswahili Sanifu. Mwalimu ana wajibu wa kumfundisha Kiswahili Sanifu na mtihani una haki ya kukidai. Lakini kuliita tamko hilo kosa la umilisi ni kudai kwamba hajui lugha, ilhali anachokosa ni lahaja moja tu. Hapo neno letu wenyewe "hitilafu", lenye dhana ya kutofautiana, lingekuwa la haki zaidi kuliko istilahi yoyote ya kuazima.

6.0 Hitimisho

Tulianza na tasnifu iliyobadilishiwa istilahi bila kubadilika. Tumejaribu kuonyesha kwamba chanzo chake ni imani kuwa maneno ya Kiingereza yana tofauti za kudumu zinazosubiri visawe. Kiingereza cha kawaida hakina tofauti hiyo kwa uthabiti huo, taaluma zake zinapingana, na sheria yake huyarundika maneno pamoja kwa makusudi. Kiswahili nacho kina tofauti zake, zilizo wazi na za kale, ambazo hukaa zaidi katika vitenzi na kauli zake.

Jambo hili halikomi katika kurasa za jarida. Matokeo ya utafiti wetu hushuka, taratibu, hadi kwenye kalamu nyekundu ya mwalimu wa shule. Mwalimu aliyefunzwa kwamba kila alama ni kosa tu, atamwadhibu sawasawa mtoto aliyepitiwa, mtoto anayejenga kanuni na mtoto anayesema kama mama yake. Watoto hao watatu wanahitaji misaada mitatu tofauti: wa kwanza anahitaji kukumbushwa, wa pili kufundishwa, na wa tatu kuonyeshwa kwamba kuna lahaja ya nyumbani na lahaja ya mtihani, na kwamba anaweza kuwa na zote mbili. Mtafiti anayewatenganisha watoto hao kwa kigezo kinachoonekana amefanya kazi yake, hata kama istilahi zake hazikumfurahisha mtahini.